Inua Mikono Juu: Mwongozo wa Kuchagua Shati la Kila Siku

Mwanaume wa Dar es Salaam akichaguliwa kuwa mpambe wa bwana harusi, maandalizi huanza miezi miwili kabla ya siku yenyewe. Fundi hutafutwa, vipimo huchukuliwa mara mbili, na kamati hukaa kikao kizima kujadili rangi ya tai. Mwanaume huyohuyo akitaka shati la kuvaa Jumanne kazini, Jumamosi kwenye kikao cha ukoo na Jumapili jioni kibanda umiza, hulinunua akiwa ndani ya daladala. Machinga anapita na mashati begani, moja linapitishwa dirishani, noti inatoka, foleni inasogea, biashara imekwisha. Usiku, mbele ya kioo, ndipo anapogundua kwamba kola inamkaba na mikono imefika kwenye vidole.

Mpango huu uko miguu juu. Suti ya upambe utaivaa kuanzia kanisani hadi ukumbini, kisha itaingia kabatini kusubiri ndugu mwingine aoe. Shati la vifungo la siku za kawaida ndilo unaloishi ndani yake. Ndilo unalopandia bodaboda, unaloombea kazi, unalobebea mtoto aliyelala, unalovaa kukutana na watu ambao hawatakuja kukuona kwenye suti maisha yao yote. Kwa hiyo ndilo linalostahili kikao cha kamati. Ufuatao ni utaratibu wa kulichagua, kwa mtu anayenunua Karume pale Ilala, Memorial ya Moshi, Mlango Mmoja ya Mwanza, Kongowea ya Mombasa au Gikomba ya Nairobi, kwa maana mashati mengi ya wanaume wetu yanapatikana huko.

Hatua ya 1: Amka mapema, vaa singlendi

Robota la mitumba huwa na uzito wa kilo 45 hivi, na hufunguliwa asubuhi. Wa kwanza kulifikia ni wenye maduka, watu wenye macho makali wasiokunywa chai kabla ya kazi. Wao huchomoa yale ya daraja la kwanza, ambayo Nairobi huitwa kamera, na mchana utayakuta yamepigwa pasi na kutundikwa dukani kwa bei mara tatu. Jioni bei inashuka, lakini yaliyobaki yamekwisha kukataliwa na soko zima. Asubuhi unanunua ubora, jioni unanunua unafuu. Chagua kimoja kabla hujatoka nyumbani, ili usije ukadai vyote viwili kwa kijana wa watu.

Vaa singlendi chini ya nguo zako. Meza ya mtumba haina chumba cha kujaribia, na shati lisilojaribiwa ni bahati nasibu. Mwenye singlendi huvua, huvaa, hujitazama na kuvua tena bila kumtia aibu mama anayeuza mihogo upande wa pili.

Mwisho, chukua mtu wa kukwambia ukweli. Rafiki uliyemwahidi chipsi hafai, kwa sababu njaa itamfanya alisifu shati la kwanza. Shangazi anafaa. Shangazi hutazama mara moja, akasema "Lirudishe," na hana sababu ya kukuficha kitu.

Hatua ya 2: Anza na mabega

Lebo ya shingoni haikujui. Herufi L ya shati lililoshonwa kwa soko la Marekani ni pana kuliko L ya shati lililoshonwa kwa soko la Asia, na zote mbili zinaweza kutoka robota moja. Namba kama 15½ au 39 kwenye kola ni kipimo cha shingo: ya kwanza kwa inchi, ya pili kwa sentimita. Kipimo hicho kinasaidia, lakini anza na mabega.

Tafuta mshono unaounganisha mkono na bega. Unapaswa kukaa pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiteremka kuelekea kwenye misuli ya mkono, shati ni la mtu mwingine na kila atakayekuona atajiuliza ni la nani. Ukipanda kuelekea shingoni, shati ni la mdogo wako. Sababu ya kuanzia hapa ni ya kiufundi: fundi anaweza kupunguza ubavu, kufupisha mikono na kukata pindo kwa muda mfupi na kwa hela ndogo, lakini kurekebisha mabega ni kulifumua shati karibu lote. Gharama yake itapita bei ya shati, na fundi mwungwana atakwambia hivyo mwenyewe.

Mabega yakikubali, funga kifungo cha juu hata kama hutakifunga tena maishani. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo bila kusukumana. Kisha hakikisha ni shati la kiume: ukilivaa, vifungo viko upande wako wa kulia na matundu kushoto. Kwenye meza yenye nguo 300 zilizochanganyika, blauzi ya mistari hujichomeka kwa urahisi sana.

Hatua ya 3: Inua mikono juu

Hatua hii ndiyo moyo wa mwongozo, na ndiyo wanaume wengi huiruka kwa haya. Ukisimama wima mbele ya kioo, mikono ubavuni, karibu kila shati litakupendeza. Tatizo ni kwamba hakuna anayeishi hivyo. Tunaishi tukishika bomba la daladala, tukiinama kufunga kamba za viatu, tukinyoosha mkono kuomba chumvi upande wa pili wa meza.

Kwa hiyo, palepale sokoni, fanya mambo manne. Inua mikono yote juu: pindo lisipande likaacha kitovu hadharani. Jikumbatie kwa nguvu: mgongo usikaze hadi usikie nyuzi zikilalamika. Kaa kwenye kigoda cha muuzaji, kwa ruhusa yake: vifungo vya tumboni vibaki vimetulia. Kunja mikono hadi kiwikoni: ikubali kupanda, na ikae huko.

Watu watakutazama. Waache. Hakuna aliyewahi kuonewa huruma kwa kunyoosha mikono Karume. Wanaoonewa huruma ni wale wanaokaa kwenye kikao cha ukoo siku nzima wakishusha pindo la shati kila wanapotaka kuchangia hoja.

Ukipata shati lenye mkunjo mmoja katikati ya mgongo, chini ya kipande cha mabegani, au mikunjo miwili pembeni, lishike vizuri. Mikunjo hiyo iliwekwa makusudi ili kitambaa kifunguke unapopeleka mikono mbele. Mtu wa bodaboda, mwalimu anayeandika ubaoni na baba mwenye mtoto wa kubeba wanaihitaji kuliko wanavyohitaji farasi aliyedariziwa kifuani.

Hatua ya 4: Sema ukweli kuhusu tumbo

Tumbo la mwanaume mwenye umri wa miaka 40 halina aibu yoyote. Limejengwa kwa ugali wa familia, halihitaji kufichwa wala kubanwa. Kinachohitajika ni shati linalolitambua. Kosa la kwanza ni la mwenye tumbo anayenunua shati la kubana alilovaa akiwa chuo. Akikaa, nafasi kati ya vifungo hufunguka madirisha, na majirani huona singlendi. Kosa la pili ni kinyume chake, kununua shati pana kupita kiasi kwa imani kwamba kitambaa kingi hufanya mtu aonekane mwembamba. Hakifanyi hivyo, kinaongeza upana pale ambapo hata mwili wenyewe haujafika.

Kipimo ni rahisi. Ukiwa umesimama na vifungo vyote vimefungwa, shika kitambaa cha ubavuni kwa vidole. Kikipatikana cha kujaza kiganja, inchi mbili au tatu kila upande, shati lina nafasi ya kupumua na ya kula. Kikikosekana kabisa, lirudishe. Kikijaza mikono yote miwili, mpelekee fundi apunguze ubavuni.

Hatua ya 5: Uliza kitambaa kinaenda kuishi wapi

Shati zuri Njombe linaweza kuwa adhabu Kigamboni. Flaneli nzito ya drafti, yenye manyoyamanyoya ya kupendeza, ilishonwa kwa ajili ya baridi, na Makete, Lushoto au Limuru mwezi wa Julai itakutunza. Ukiivaa Dar mwezi wa Februari, kabla ya saa tatu asubuhi utakuwa umelowa.

Pwani inataka pamba nyepesi au kitani. Nyuzi za pamba hunyonya unyevu wa hewani kiasi cha kama asilimia 8 ya uzito wake, na kitani huzidi hapo. Polista hunyonya chini ya asilimia 1, ndiyo maana jasho hubaki juu ya ngozi yako na ramani yake ikachorwa mgongoni. Mchanganyiko wa pamba na polista una faida yake: haukunjamani ovyo na pasi haina kazi kubwa. Kwa mkaa wa leo au umeme wa leo, hilo nalo ni jambo. Ila pamba iwe nyingi kuliko mwenzake.

Lebo ndogo iliyoshonwa ubavuni kwa ndani hutaja asilimia. Ikiwa imekatwa, tumia mkono. Finyanga kitambaa kwenye ngumi, hesabu hadi kumi, achia. Pamba hubaki na makunyanzi, kitani hubaki nayo zaidi, polista hurudi ilivyokuwa. Kisha weka kitambaa mdomoni na upulize. Hewa ikipita, jasho nalo litapata njia. Ukiwa nyumbani na una shaka bado, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uchome kwa kiberiti mbali na shati: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu, polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jaribio hili usilifanye sokoni. Masoko yetu yameungua ya kutosha.

Hatua ya 6: Kagua kama afisa wa forodha

Lipeleke shati kwenye mwanga wa jua, si chini ya turubai la bluu, maana turubai hubadilisha rangi zote. Geuza kola utazame upande wa ndani. Ukiona nyuzi zimeanza kuchanua, usikate tamaa mara moja, kwa sababu fundi mzoefu huifumua kola, akaigeuza na kuishona upya, upande mzima ukaja juu. Lakini bei ishuke kwa sababu hiyo. Tazama makwapani. Njano iliyokolea pale haitoki, na atakayekuambia inatoka kwa limao anataka kumaliza mzigo.

Linganisha rangi ya mabegani na rangi iliyo chini ya kola. Shati lililotundikwa nje kwa wiki nyingi hupauka mabegani, na halitarudi. Vuta kidogo kila kifungo, kisha tafuta kifungo cha akiba, ambacho mara nyingi hushonwa kwa ndani karibu na pindo. Vifungo vya chaza huwa vya baridi ukivigusisha mdomoni, vya plastiki havina ubaridi huo. Ukivikuta vya chaza kwenye shati la bei ya meza, lipa haraka na usitabasamu.

Ishara moja inazidi zote. Kwenye shati la drafti au la mistari, tazama mfuko wa kifuani. Mistari ya mfuko ikiungana na mistari ya kifua bila kuvunjika, aliyelishona alikuwa na subira, na subira hiyo utaikuta pia kwenye mishono ya ndani ambayo huwezi kuiona yote. Kwenye mashati mazuri sindano hupita mara 18 au zaidi katika inchi moja. Huna haja ya kuhesabu, mfuko utakuwa umeshakwambia.

Hatua ya 7: Rangi ina wanachama

Bluu iliyopauka, nyeupe na drafti ndogo huenda kila mahali, na mwanaume mwenye hizo tatu hajawahi kukosa cha kuvaa. Ukitoka hapo, fikiri kwanza. Shati jekundu siku ya mechi ya watani ni tamko la Simba, hata kama ulilinunua kwa sababu ya kola. Njano na kijani kwa pamoja ni Yanga siku ya mechi, na mwaka wa uchaguzi ni CCM. Kama unakwenda ukweni kwa mara ya kwanza, ulizia timu ya baba mkwe mapema.

Shati la mabakamabaka ya kijeshi liache mezani. Sheria ya Tanzania hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, na mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa waliokuwa nazo kuzisalimisha. Hakuna shati lenye mkato mzuri kiasi cha kulielezea kituoni.

Maua yanaruhusiwa, tena nayapigania. Mashati ya maua makubwa yanayojaa kwenye marobota asili yake ni Hawaii, ambako katikati ya miaka ya 1930 mfanyabiashara wa Honolulu, Ellery Chun, aliyauza kwa jina la Aloha. Mazuri yake yana vifungo vya kifuu cha nazi, na hayo mtu wa pwani anayavaa bila kuomba radhi kwa yeyote. Sharti ni moja: maua yakiwa juu, suruali inyamaze.

Soma pia kilichoandikwa. Mashati ya kazi kutoka ughaibuni huja na jina la mwenyewe wa zamani kifuani na jina la kampuni ya mabomba mgongoni. Ukilivaa, utaitwa jina hilo mtaani, na litashinda ulilopewa na babu yako.

Hatua ya 8: Tazama pindo kabla ya kuamua kuchomekea

Mabishano ya kuchomekea yanavunja urafiki bila sababu, kwani shati lenyewe limeshatoa uamuzi. Pindo lenye mikia, yaani lililochongwa likawa refu mbele na nyuma na fupi ubavuni, lilikatwa ili lichomekewe na lisichomoke ukiinama. Pindo lililonyooka lilikatwa ili likae nje. La nje liishie katikati ya zipu ya suruali: likifunika makalio yote limezidi, likiishia kwenye mkanda limepungua. Ofisini, msibani na kwa wazee, chomekea likiwa la kuchomekea. Nusu ndani nusu nje waachie vijana wa video za muziki, kwa maana wao wana mtu wa kuwapanga kila dakika.

Hatua ya 9: Patana kwa adabu

Salimia kwanza. "Habari za asubuhi, mdogo wangu? Biashara inakwendaje?" Anayeanza na "Shingapi hii?" ameshajipandishia bei. Kijana atakujibu, "Nzuri kaka, hilo elfu nane, ila wewe nakufanyia." Taja kasoro uliyoiona kweli, kifungo au kola, bila kulitukana shati, kwa sababu mtu anayeponda nguo na huku ameikumbatia haaminiki.

Atasema "Imekukaa!" Atalisema hata ukiwa umelivaa kinyume. Mtazame shangazi, siyo yeye.

Na ukitaja bei, akakubali, lipa. Kutaja elfu tano, kukubaliwa, kisha kusema unazunguka kidogo ni kumvunjia heshima mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kupigania robota. Kama hukuwa tayari kununua, usingetaja.

Hatua ya 10: Lipeleke kwa fundi, lizae

Loweka shati kwenye maji ya chumvi au siki, lifue, lianike kivulini likiwa limegeuzwa ndani nje, lipige pasi. Livae wiki kadhaa. Kama limepita hatua zote na bado hulisikii mwilini unapofanya kazi, umepata kitu chenye thamani kuliko shati lenyewe: umepata kipimo chako.

Kwa kipimo hicho unaweza kushonesha shati jipya bila kutegemea robota. Serikali zetu nazo zilijaribu: mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Mabishano ya ngazi ile yatachukua muda wake. Wewe hulazimiki kuyasubiri.

Nunua yadi 2 za kitenge cha pamba kwa shati la mikono mifupi, ongeza nusu kwa mikono mirefu. Kiloweke usiku kucha kabla hakijakatwa, kirudi chote kinachotaka kurudi. Mpelekee fundi pamoja na shati lako na umwambie: "Fundi, nishonee hivihivi, mabega usiyaguse, na ua la mfukoni liungane na la kifuani." Akiguna kwenye hilo la mwisho, mwongeze hela, maana umemwomba subira na subira ni kazi. Ukienda kulichukua, livae palepale kibarazani kwake kabla hujalipa salio, na uinue mikono juu.